Zimwi Lililoachwa Mlangoni

Nikialikwa shuleni kufundisha watoto kuandika hadithi, huwa najua nitakachokikuta kabla sijashuka kwenye bodaboda. Nitakuta macheo. Kila mtoto wa Eldoret aliyepitia mikononi mwa mwalimu wa insha ameamka macheo, jua likichomoza, ndege wakiimba, na yeye akiwa amejawa na furaha mpwitompwito. Mwulize mpwitompwito ni nini, atakutazama kana kwamba umemwuliza siri ya kwao. Baadaye watatokea majambazi, na mambo yakimzidi mwandishi ataamka na kugundua kwamba kumbe yote ilikuwa ndoto. Nimewaandikia watoto vitabu miaka mingi sasa, na hizo ndoto bado hunipandisha hasira.

Mwaka mmoja, muhula wa pili, ule wa baridi, nilialikwa na shule moja ya serikali upande wa juu wa Kimumu, pale magorofa ya kupangisha yanapokwisha na mahindi yakaanza. Nilikuwa naenda kila Ijumaa, kipindi kirefu cha kabla ya mapumziko ya chai, kufunza Gredi ya Tano. Muhula ukiisha, hadithi za watoto zingeunganishwa ziwe kijitabu cha maktaba ya shule. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, kijana mwembamba mzaliwa wa huku Uasin Gishu, anayekimbia kila asubuhi kabla ya kazi na anayeiheshimu ratiba kuliko anavyowaheshimu watu. Siku ya kwanza alinionyesha kwa fahari ukuta wa darasa lake. Alikuwa ameujaza methali alizoandika kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila.

Niliwapa watoto sheria mbili. Ya kwanza, ndoto ni marufuku. Ya pili, hakuna kushika penseli kabla hujaisimulia hadithi yako kwa mdomo mbele ya wenzako. Hii ya pili ndiyo siri ya kazi yangu, kama nina siri. Mtoto akisimulia kwa mdomo hasemi macheo, anasema asubuhi, na akichosha watu anaona kwenye nyuso zao.

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa msichana mmoja mrefu aliyeketi karibu na dirisha. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akilelewa na nyanya yake, wawili tu, katika nyumba ya mabati iliyoonekana kutoka dirishani kwake, ng'ambo ya ua wa shule wa miti ya miiba ya kayaba. Alisimama mbele, akaficha mikono nyuma, akaanza hadithi ya msichana aliyeachwa peke yake nyumbani wazazi wakienda arusini Kaptagat. Zimwi likasikia harufu yake kutoka msituni, likaanza kuja.

Nimesikia watoto wengi wakisimulia, na wengi hupayuka. Huyu aliishusha sauti. Zimwi lilivyozidi kukaribia ndivyo alivyozidi kunong'ona, mpaka darasa zima likawa limeinamia mbele, na mimi nikiwemo. Zimwi likafika. Likauweka mkono wake mlangoni. Msichana naye akautoa mkono wake nyuma, akaunyoosha hewani, kiganja wazi, akausukuma polepole ule mlango usiokuwepo. Mlango ukaanza kulia.

Hapo kengele ikalia pia. Hata zimwi halishindani na mapumziko. Watoto waliondoka mbio, na yeye akabaki mbele ya darasa na mkono wake ungali hewani. Nilimwambia amenifurahisha sana, na kwamba wiki ijayo tutaanzia hapo hapo. Alitabasamu akakimbia kwenda kuchukua chai yake.

Ijumaa iliyofuata alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati. Nilimwita aje amalize hadithi, akatikisa kichwa. Nilimwambia basi aandike tu, akaiangalia karatasi kama mtu anayeangalia uji uliopoa. Nilidhani ni madaha, maana watoto wakisifiwa sana wengine huvimba kichwa, na nikawa nimeanza kutafuta la kumwambia. Mwenzake wa dawati akaniwahi.

"Madam, yeye hataki kusimulia mchana. Kogo yake alivunjika mguu."

Kogo ni nyanya, kwa lugha ya huku. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa nyuma akisahihisha vitabu, akacheka kidogo. "Hiyo ni ile mambo ya zamani, Madam," akasema. "Ati hadithi ni ya jioni, ukisimulia mchana unaleta balaa kwenu. Na hawa ni watu wa kanisa!"

Nikamtoa msichana nje, tukasimama barazani. Ilikuwa ile baridi ya Eldoret ya katikati ya mwaka, inayoingia mpaka kwenye meno. Alinieleza bila kunitazama. Ile Ijumaa alikimbia nyumbani kumwambia nyanya yake kwamba amesimulia hadithi mbele ya mgeni anayeandika vitabu. Nyanya akatikisa kichwa: hadithi, mchana? Kesho yake alfajiri, nyanya akitoka kukamua na jerikani ya maziwa mkononi, akateleza kwenye tope la zizini, mguu ukavunjika.

Jambo hili halikuwa geni kwangu. Wazazi wangu walikuja hapa mjini kutoka Magharibi, baba akitafuta kazi kwenye kiwanda cha nguo, na walikuja na mwiko wa kwao. Mama alituambia ukisimulia hadithi mchana utaota mkia. Nilipokuwa mdogo nilijaribu makusudi, kisha nikawa najipapasa kila nikioga. Basi nikamweleza msichana kama nilivyokuja kujieleza mwenyewe: wazee walikuwa wajanja, walijua mtoto akikaa kusikiliza hadithi mchana ng'ombe wataingia kwenye mahindi ya jirani. Ni hilo tu. Nikamwambia mimi hadithi za mchana ndizo zinanipa chakula, na tazama, mkia sina.

Hakucheka. Alifikiri kidogo, akaelekeza kidole dirishani, kwenye ukuta wa methali.

"Mwalimu alitufunza asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Mimi ndio sikusikia. Lakini guu imevunjika ni ya Kogo."

Nilimwuliza ni nani aliyemwambia kwamba kosa ni lake.

"Ni Kogo mwenyewe. Wakimbeba kwenda hospitali alisema, 'Ni hizo hadithi zako.'"

Hapo hasira yangu, iliyokuwa imekosa mtu wa kumshika, ikampata. Nilijiambia nitaenda kumwona huyo mama leo hii, na atamwambia mtoto ukweli nikiwa nimesimama pale.

Tulienda saa ya chakula cha mchana, mimi na mwalimu na msichana, tukipitia kwenye pengo la ua wa kayaba. Mwalimu ndiye aliyesema twende pamoja, kwa kuwa si vizuri mgeni kuingia kwa watu na lawama bila mtu wa hapo kumtangulia. Ni yeye pia aliyenisimamisha kioskini tununue mkate na sukari. Nilinunua nikinung'unika. Nilikuwa naenda kugomba, si kutembelea mgonjwa.

Nyanya alikuwa amelazwa kwenye kitanda kilicholetwa sebuleni, mguu wenye plasta umewekwa juu ya mto, redio ikiongea polepole karibu na sikio lake. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, mwenye macho makali. Mwalimu akamwamkia, "Chamgei," wakaanza salamu ndefu za kwao: hali ya mguu, ya ng'ombe, ya mahindi, ya mvua. Jirani akatuletea chai ya maziwa mengi. Nilipoona salamu zimekwisha nikaweka kikombe chini, nikaitoa hotuba yangu.

Nilisema kwa adabu, nadhani. Nilimwambia, Mama, mtoto huyu amebeba mzigo usio wake. Haandiki, hasemi darasani, anaamini yeye ndiye aliyekuangusha. Neno moja kutoka kwako litamfungua. Mwambie tu kwamba si kweli.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimwambie uongo?" akauliza.

"Si uongo, Mama."

"Mimi niliambiwa na mama yangu. Yeye aliambiwa na mama yake. Sasa nikatae kwa sababu wewe umekuja na mkate?"

Mwalimu aliangalia chai yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa bibi mwenye majuto, au kwa bibi mkali anayejua amekosa, lakini sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayeamini kweli anachosema. Msichana alikuwa amesimama mlangoni, na nikaona mabega yake yakishuka. Nilikuwa nimemleta kufunguliwa na badala yake nimemkazia kamba.

Nyanya akamgeukia. "Hiyo hadithi ilikuwa gani?"

"Ya zimwi na ile msichana wameacha nyumbani."

"Ile nilikufunza. Ulifika wapi?"

"Kwa mlango."

"Halafu?"

"Halafu kengele ikalia, tukaenda breki."

Nyanya akajiinua kwa viwiko vyake, mguu na plasta na vyote. "Umeacha zimwi imesimama kwa mlango?"

"Ndio, Kogo."

"Kutoka hiyo Ijumaa mpaka leo?"

"Ndio."

"Na halafu mnauliza nani alinisukuma!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia, akaushika mguu kwa uchungu na bado akacheka, machozi yakamtoka. Mwalimu akacheka, jirani akacheka, nami ikanibidi nicheke, maana kwa kweli tulikuwa tumeliacha zimwi la watu mlangoni bila hata kulipatia kiti. Ni msichana peke yake ambaye hakucheka. Nyanya alipojifuta macho ndipo akamwona, na kicheko kikakatika.

"Kuja hapa," akasema.

Msichana akaenda, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nyanya akamshika mkono, ule ule wa kusukumia mlango.

"Hiyo siku nilikuwa na uchungu," akamwambia. "Mtu akiwa na uchungu anashika kitu iko karibu. Wewe ndio ulikuwa karibu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Leo jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, utaimaliza hiyo hadithi. Zimwi haikai kwa mlango ya mtu."

Hakusema kwamba si kweli. Niligundua hilo tulipokuwa tukirudi kupitia pengo la ua, na likanisumbua mpaka nyumbani. Lakini pia nilikuwa nimeona uso wa mtoto aliposhikwa mkono, na nilijua kwamba hotuba yangu yote, na hoja yangu ya ng'ombe na mahindi, haikuwa na uzito wa lile neno moja: karibu.

Ijumaa iliyofuata aliingia darasani akiwa ameinua kichwa. Hadithi ameimaliza, akaniambia, Kogo alisikiliza mpaka mwisho. Niliwagawia karatasi nikidhani jambo limekwisha.

"Madam, na sisi?" akauliza mtoto mmoja wa nyuma.

"Nyinyi nini?"

"Zimwi yetu bado iko kwa mlango."

Darasa zima likaanza kusema kwa pamoja. Walikuwa wamekaa na lile zimwi muda wote huo. Mmoja alisema siku hizi hatoki nje giza likiingia mpaka dadake amsindikize. Mwingine alisema yeye ameshaota zimwi likifungua, akakumbuka kwamba ndoto ni marufuku, akanyamaza. Wote wakamgeukia msichana. Nami nikamwona akitamani. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kutengeneza neno la kwanza. Kisha akaangalia dirishani, ng'ambo ya ua, akaifunga midomo.

"Siwezi," akasema. "Ni mchana."

Nilikuwa nimejifunza, sikumshurutisha. Nilimwambia basi aandike, na mwenye kutaka atasoma. Akalifikiria hilo pia, kwa ule utaratibu wake. "Nikiandika mchana," akauliza, "na mtu asome mchana, si ni kama nimesimulia?" Darasa likagawanyika, wengine wakisema kuandika ni kusimulia, wengine wakisema si kusimulia kwa sababu mdomo umefungwa. Wakanigeukia mimi niamue, mtaalamu. Nilikataa kuamua, na mpaka leo sijui. Kama kuandika ni kusimulia, basi mkia wangu umechelewa sana.

Ni yule yule wa nyuma aliyesema, "Si tulete usiku?"

Akavua sweta yake ya kijani, akapanda juu ya dawati, akaifunga kwa mikono ya hiyo sweta kwenye vyuma vya dirisha. Mwingine akamfuata. Nataka mwelewe kwamba madirisha mengine yalikuwa hayana vioo, na ilikuwa ile baridi niliyoisema. Watoto walisimama na mashati yao membamba wakitetemeka, wakipitisha sweta kutoka dawati hadi dawati, wakiziba mwanga dirisha baada ya dirisha. Mwalimu akainua kichwa kutoka kwenye vitabu.

"Sweta ni yunifomu!" akasema.

Nikamwangalia. Akayaangalia madirisha, akaiangalia saa yake, akamwangalia msichana. Kisha akavua jaketi yake ya kukimbilia, akaiziba nayo nafasi iliyobaki, na akatoka nje. Nilidhani anaenda kunishtaki kwa mwalimu mkuu. Kumbe alienda kusimama karibu na kile kipande cha reli kinachotumika kama kengele, ili asubuhi hiyo kisigongwe.

Darasani kukawa na kiza, si kiza cha usiku, lakini cha kutosha usimwone jirani yako vizuri. Msichana akaja mbele. Sauti yake ikaanza chini, pale pale ilipokuwa imeachwa, mlango ukilia. Yule msichana wa hadithini alikuwa jikoni, akasema bila kugeuka, "Subiri nisonge ugali, mgeni haingii kabla ugali haujaiva." Zimwi likasubiri. Akasema subiri niongeze unga. Likasubiri. Subiri nigeuze, subiri nikaushe, subiri nikune sufuria. Alisonga mpaka mikono ikamuuma, na zimwi likawa linapiga miayo mlangoni, hata jogoo akawika, na mazimwi hayaruhusiwi kuonekana jogoo akishawika. Likaondoka zake na njaa yake. Watoto wakashusha pumzi wote kwa pamoja, kisha wakapiga makofi mpaka mabati yakatikisika.

Yeye hakungoja makofi. "Madam, naweza kuenda nje?" akauliza, na kwa kuwa kila mtoto huomba hivyo akibanwa, nikamruhusu. Akatoka. Nikaenda dirishani, nikafungua sweta moja ili mwanga uingie tuanze kuandika, ndipo nikamwona. Alikuwa amevipita vyoo. Alikuwa anakimbia, miguu ikiruka tope, moja kwa moja kuelekea pengo la ua.

Nikaelewa. Hakuwa ameshawishika. Si na mimi, si na kicheko cha nyanya yake, si na sweta za wenzake. Alikuwa amesimama mbele yetu akasimulia hadithi nzima huku akijua, kwa imani yake, kwamba huenda tunalipiwa na mguu wa pili wa Kogo. Alitusimulia kwa sababu hakutaka zimwi lilale kwa mlango wa watoto wengine. Mimi nimeandika mara nyingi kuhusu watoto jasiri, na sidhani nilikuwa nimewahi kumwona mmoja.

Watoto walikuja mmoja mmoja dirishani kusimama nami. Hakuna aliyeuliza anaenda wapi. Pale kwenye reli mwalimu naye alikuwa amemwona, na yeye, mtu wa ratiba, hakumwita. Msichana akaingia nyumbani kwao. Tulingoja, tukitetemeka, tukiuangalia mlango ule wa mabati.

Alipotoka hakukimbia. Alirudi akitembea, akakwepa madimbwi, akapita ua, akaingia darasani. Nilimwuliza vipi.

"Ako sawa," akasema. "Ameniuliza kama zimwi imeenda."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia imeenda."

Akaifungua sweta yake dirishani, akaivaa, akaketi akaanza kuandika.